Mabaki ya nyuzi yamejaa ndani, nataka kufuma nyoka wa kuchezea mtoto, naomba muongozo

MamaWawili_Tabata
Habarini wapendwa. Nina mfuko mzima wa mabaki ya nyuzi, zingine nyembamba za pamba zilizobaki kwenye vitambaa vya makochi, zingine nene za sweta na kofia za wachanga, na humo humo kuna vidonge vidogo vidogo ambavyo havitoshi hata soksi ya mtoto. Kutupa siwezi, uzi ni hela jamani. Sasa mtoto wa dada yangu ana miaka minne, yuko kwangu likizo hii na kutwa anaimba nyoka tu, anataka nyoka mrefu wa rangi zote, nikaona basi hapo ndo mabaki yangu yamepata kazi.

Vitambaa na kofia nafuma vizuri tu ila kitu cha kujaza ndani sijawahi. Nimeanza kichwa naona mishono inaachia, ukivuta kidogo unaona mpaka upande wa pili, si pamba itachungulia yote? Na hizi nyuzi nene na nyembamba nazichanganyaje ili nyoka asiwe na kiuno hapa na kitambi pale? Halafu nijaze nini, sufi au hii pamba ya mito ya kisasa? Mwenye uzoefu anieleweshe tafadhali, video nyingine mtu anakimbiza mikono mpaka huoni alichofanya.

Fundi Nyuzi
Dada karibu sana, na umechagua vizuri maana nyoka ndo kitu rahisi kuliko vyote vya kujaza, hana miguu wala masikio ya kuja kushonea, ni bomba moja refu tu unalizungusha mpaka uzi uishe.

Tuanze na hayo matundu. Ukifuma kofia unataka ilegee ivutike, hapa ni kinyume chake, unataka ikaze. Angalia karatasi ya uzi, kama imeandikwa sindano ya kroshia namba 4 we chukua 3 au 3.5, mkono utachoka kidogo ila pamba haitaonekana. Na fuma mshono mfupi tu mwanzo mwisho, ule mrefu wa vitambaa vya makochi unaacha nafasi kubwa sana. Hapa kuwa makini, maelekezo ya Wamarekani wanauita singo kroshia lakini Waingereza mshono huo huo wanauita dabo, sasa ukifuata maelekezo ya Kiingereza bila kujua yametoka upande upi utafuma kitu chenye madirisha. Kingine angalia upande wa nje, mishono inayofanana na herufi V ndo ikae nje, ile yenye vijistari iwe ndani, wengi ikijikunja yenyewe wanaiacha hivyo hivyo imegeuka.

Unene sasa. Usichanganye uzi mmoja mmoja ovyo. Chukua uzi wako mnene kama kipimo, halafu zile nyembamba za pamba ziunganishe mbili au tatu ufume kwa pamoja mpaka zilingane na ule mnene. Namna ya kujua: kunja uzi mnene katikati uupitishe kwenye ule mkunjo wa nyembamba zako, zifungamane kama pete mbili, halafu zungushia kwa vidole kwenye maungio ukipapasa upande huu na ule, vidole vyenyewe vitakwambia kama zinalingana au bado. Na hapo kwenye kuunganisha nyembamba ndo utapata rangi nzuri, ukishika kijani na njano pamoja inatoka madoadoa kama magamba kabisa, mi napenda kuliko milia.

Mwili: kitanzi cha kuvuta (wenyewe wanaita mejiki ringi), weka mishono 6, raundi ya pili ongeza kila mshono iwe 12, ya tatu ongeza mmoja ruka mmoja iwe 18, ya nne ongeza mmoja ruka miwili iwe 24. Kaa kwenye 24 raundi kama sita au saba, hicho ndo kichwa, kisha punguza mpaka 18 upate shingo, na hapo kwenye 18 hutoki tena, zungusha tu. Usifunge raundi, zungusha moja kwa moja, ila chomeka kipini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila raundi, ukipoteza hesabu ndo umepotea.

MamaWawili_Tabata
Fundi ubarikiwe, hiyo ya singo na dabo ilikua inanichanganya siku zote. Sasa nitajuaje kidonge fulani kinatosha raundi ngapi? Sitaki rangi inikatikie katikati ya mgongo.

Fundi Nyuzi
Pima kwa mikono. Uzi wa unene wa kawaida, raundi ya mishono 18 inakula kama nusu mita hivi, kwahiyo pima moja, mikono yote umeinyoosha, inatoa raundi tatu. Ukiwa na pima nne unajua una raundi kumi na mbili hapo. Raundi mbili ni kama sentimita moja, yaani nyoka wa mita moja anataka raundi kama 180 mpaka 200, sio kazi ya jioni moja. Anza kichwani uishie mkiani, rangi zipange uzitandike mezani kwanza, na ile unayotaka kumalizia mkia ibakizie pima tano au sita uifiche kabisa usiiguse.

Kubadilisha rangi: mshono wa mwisho wa rangi ya zamani usiumalize, vikibaki vitanzi viwili kwenye sindano ndo unavuta kwa rangi mpya. Hapo rangi inakatika safi. Na kila mara badilishia upande mmoja ambao umeamua ndo tumbo, kuna kangazi kadogo kanatokea pale rangi zinapokutana, kakikaa tumboni hakuna atakayekaona.

Shangazi wa Ilala
Hamjambo wanangu. Mi niongelee kujaza maana huko ndo watu wanaharibu.

Sufi ni nzuri, nyepesi, na sisi tumelalia magodoro ya sufi miaka na miaka. Lakini kwa mdoli wa mtoto siishauri. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, zinatoka kwenye matundu hata ukikaza, halafu vumbi lake kwa mtoto mwenye kifua ni taabu, na ukimfua nyoka sufi inakuwa mabonge ndani. Mtoto wa miaka minne atamburuza nyoka uani na barazani, lazima afuliwe huyo. Chukua ile pamba nyeupe ya poliesta wanayojazia mito, inapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, au kama una mto wa zamani ambao bado msafi pasua, fua hiyo pamba, anika, ichambue kwa vidole mpaka ifumuke. Vipande vya vitambaa usijaze, vinafanya nyoka awe mzito na ana manundu.

Usisubiri umalize ndo ujaze, mkono utapitaje mita nzima? Kila ukifika kama kiganja kimoja unajaza, unasukuma kwa upande butu wa penseli, taratibu. Na usimshindilie. Nyoka akishindiliwa anakuwa rungu, mtoto anataka amzungushe shingoni, amkunje, amfunge kwenye kiti. Kichwa ndo ukijaze kikaze, mwili ulegee.

Macho shona kwa uzi mweusi. Vifungo na macho ya plastiki yanapendeza lakini yaking'oka yanaishia mdomoni, na kama nyumbani kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu usiweke kabisa. Ulimi mfupi, cheni nyekundu ya kidole kimoja, ncha yake igawanyike mara mbili. Na nyoka mrefu hivyo asilale kitandani na mtoto mchanga, wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kulala na mdoli wowote laini.

kijana_wa_Temeke
Samahani kuuliza, kwani lazima nyoka? Bi mkubwa kwetu ukileta kitu chenye sura ya nyoka ndani hakilali, atakitoa nje usiku huo huo. Mi nataka nimfumishie mwanangu lakini nyumba ni ya mama na siwezi kumkosea.

Shangazi wa Ilala
Mwanangu hilo nalielewa, wapo wengi hawapendi na mama wa nyumba asikilizwe. Fuma jongoo. Bomba ni lile lile, rangi chukua nyeusi na kahawia, kila raundi mbili ubadilishe apate pingili. Miguu unaweka kwa uzi, unavuta vitanzi vifupi pembeni, kila pingili miguu miwili upande huu na miwili upande ule maana jongoo ndo alivyo. Masika yote watoto wanawachokoa hao uani wajikunje, watampenda.

Asha_M
Mimi niko upande wa nyoka 😊 na naomba mtoto afumiwe nyoka anayemjua. Nyuzi za kijani zikiwa nyingi fuma mamba kijani, yule wa juu ya miti wa misitu yetu ya pwani, ni kijani kitupu hana hata doa. Kahawia na krimu ni kifutu, huyo ana alama kama herufi V mgongoni na ni mnene mfupi, kwahiyo mwenye uzi kidogo huyo ndo wake, panua mwili mpaka 30 na mkia uwe mfupi wa ghafla. Koboko watu wanamfuma mweusi ila ngozi yake ni kijivu kijivu, weusi uko ndani ya mdomo, na ukimfumia mdomo mweusi unaofunguka mtoto anamjua akimwona na anajua huyu sio wa kusogelea. Huku kwetu watoto wanacheza majanini, bora wawajue mapema.

Ila kama anataka wa rangi zote mpe wa rangi zote, hilo la kwanza.

MamaWawili_Tabata
Wapendwa asanteni, nimefumua nimeanza upya na sindano namba 3, sasa hivi haichungulii kitu. Nimeshika shingo na rangi tano zimeshaingia, mtoto amekaa hapa pembeni ndo anachagua rangi inayofuata, tumekubaliana chungwa halafu bluu. Swali la mwisho, ncha za nyuzi zimekuwa nyingi sana huko ndani, nazishona zote? Na mkia naufungaje usiwe na shimo?

Fundi Nyuzi
Huyo mchaguaji usimwachie ile ya mkia 😄

Ncha usizishone zote. Kila ukibadilisha rangi, funga ile ya zamani na mpya fundo mara mbili kwa ndani, acha sentimita tano, pamba itazimeza. Ila kama uzi ni wa pamba unaoteleza, lalisha ncha juu ya mishono ufumie juu yake kama mishono sita, hapo haifumuki. Ncha nyeusi usiiache ikae chini ya rangi nyeupe, itaonekana, isukume katikati ya pamba.

Mkia: kutoka kwenye 18 punguza mshono mmoja, fuma raundi nzima bila kupunguza, punguza tena mmoja, hivyo hivyo mpaka ibaki 6. Unapopunguza chukua vile vitanzi vya mbele tu vya mishono miwili, inakaza na haiachi tundu. Jaza kidogo kidogo huku unaenda, mwisho kabisa usijaze ncha iwe nyembamba. Ikibaki 6 kata uzi uache kama shibiri moja, pitisha kwa sindano ya kushonea kwenye vitanzi vya mbele vya mishono yote sita, vuta, inajifunga. Piga fundo, zamisha sindano ndani itokee mbali kidogo kwenye mwili, vuta uzi ubonyee ndani, ukate usawa wa ngozi.

Akichafuka mfue kwa mkono na sabuni ya kawaida, mkamue ndani ya taulo, umlaze bapa kivulini. Usimwanike kwenye kamba, maji yatashukia upande mmoja na atarefuka.