Ukoo wa Kibokoni: safari ya Jumba la Mtwana

IJUMAA

[20:41] Ami Mkubwa: Asalam alaykum watu wa nyumbani. Jumapili in shaa Allah twaenda Jumba la Mtwana na watoto, kule kwenye magofu ya mji wa kale. Tukutane kwa Bibi saa mbili asubuhi, nimeshazungumza na dereva wa matatu. Kila mtoto avae viatu vya kufunika vidole, kule ni mawe na mizizi. Na kila mzazi awe amemwambia mwanawe angalau neno moja kuhusu mahali aendapo.

[20:44] Khalti: Waalaykum salaam. Mahamri na mbaazi ni juu yangu. Maji kila mtu na yake.

[20:46] Mama Mapacha: Ami, samahani nauliza. Wangu wana miaka 7. Hilo "la Mtwana" nitawaeleza vipi? Jana Kulwa kaniuliza mtwana ni nani, nikanyamaza.

[20:53] Ami Mkubwa: Usinyamaze mwanangu. Mwambie mtwana ni mtumwa mwanamume. Mwambie hapa pwani watu waliuzwa, na waliouza na walionunua walikuwamo watu wanaosema lugha hii hii yetu. Umwambie kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mambo mengine ya dunia. Lakini ajue pia kwamba jina hilo limekuja baadaye. Mji wenyewe ni wa karne ya 14, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Jina walilouita wenyewe waliokaa mle halikutufikia.

[20:55] Mama Mapacha: Halikutufikia kabisa?

[20:55] Ami Mkubwa: Kabisa. Hilo huniuma kila niendapo.

[21:02] Kaka Muscat: Mkipita Kengeleni muwaonyeshe kengele. Mimi nilipita pale miaka yote ya skuli, nikidhani Kengeleni ni jina tu kama majina mengine.

[21:06] Ami Mkubwa: Umenikumbusha vyema. Pale ni Freretown, walipokaa watumwa waliokombolewa, tangu miaka ya 1870. Kengele ilipigwa kuwaonya hatari inapokuja. Mama Mapacha, swali la Kulwa tutaanza kulijibu hapo, kabla hata hatujavuka daraja la Mtwapa.

JUMAPILI

[09:48] Dada: Tumefika salama. Bahari iko hapo hapo, mibuyu mikubwa, kivuli kizuri. Watoto wametulia kuliko nilivyotarajia.

[10:05] Dada: [Picha: mtoto amenyoosha mikono baina ya kuta mbili]
Ami amewafanya wapime upana wa chumba kwa hatua. Kila nyumba wakiingia ni vile vile, vyumba virefu lakini vyembamba. Akawauliza kwa nini. Wakasema watu wa zamani walikuwa wafupi, wakasema mawe yalikuwa haba. Kulwa akatazama juu akasema, "Kwa sababu ya boriti?" Ami alimshika kichwa akambusu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haibebi dari zito la mawe na chokaa ikipita mita 3 hivi. Basi mti wa baharini ndio uliokata kipimo cha chumba.

[10:09] Kaka Muscat: Subhanallah. Na chumba cha Bibi ni hivyo hivyo!

[10:10] Dada: Ndivyo walivyosema watoto. Doto kasema "hiki ni chumba cha Bibi bila kitanda."

[10:37] Khalti: [Picha: birika la msikiti]
Huu ndio Msikiti wa Pwani. Wallahi nimesimama hapa nikatokwa na machozi. Birika la kutawadhia hili hapa, na chini yake jiwe la tumbawe, gumu, la kusugulia miguu kabla hujaingia. Nimeingiza kidole kwenye vijishimo vyake. Miaka mia sita, na mtu alikuwa akisugua vumbi la kisigino chake hapa kama alivyokuwa akisugua babangu.

[10:41] Khalti: Na inasadikiwa palikuwa na chumba cha wanawake kusalia. Hilo nataka liandikwe humu kwenye kikundi lisomwe na wote.

[10:58] Dada: Nje ya msikiti kuna kaburi lililochongwa aya ya Aali Imran, "Kila nafsi itaonja mauti." Ami kaisoma, watoto wakaimalizia wenyewe, wameihifadhi madrasa. Hawakuamini kuwa wanajua kusoma kitu cha zamani namna ile.

[11:20] Kaka Muscat: Mbona waliuhama?

[11:34] Ami Mkubwa: Kuna wanaosema maji yaliharibika, kuna wanaosema biashara ilikufa, kuna wanaosema vita. Nimewapa watoto yote matatu, wachague na waniambie sababu.

[13:15] Bibi: [Ujumbe wa sauti, dakika 3]

[13:40] Kaka Muscat: Niko kazini siwezi kusikiliza. Kuna mtu wa kuniandikia?

[14:02] Dada: Nakuandikia. Bibi asema: "Nasikitika magoti yamenizuia. Waambieni watoto wakigusa ukuta wanagusa chokaa, na chokaa mimi nimeiona ikichomwa. Babangu alikuwa fundi. Walipanga magogo duara, wakapanga matumbawe juu yake, moto ukawaka usiku kucha mpaka jiwe likawa jeupe na jepesi. Kisha likaachwa linyeshewe mvua miezi, ndipo lijengewe. Fundi mwenye haraka hakupewa kazi. Na Ngomeni, Fort Jesus, muwapeleke pia. Sisi utotoni Ngomeni ilikuwa jela, mpaka 1958. Tukipita tukipita mbio. Hakuna aliyetuambia Wareno waliianza 1593, wala kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka 1698. Nimeyajua hayo nina wajukuu. Wao wasingoje mpaka wawe na wajukuu."

[14:06] Kaka Muscat: Mungu ampe umri. Ihifadhini sauti hiyo, isipotee simu ikiharibika.

[20:17] Mama Mapacha: Ami, nina jambo. Nimefua suruali ya Doto nimekuta hiki mfukoni.
[Picha: kigae kidogo chenye rangi ya kijani, juu ya kiganja]
Asema alikiona chini akakipenda. Amelia sana nilipomuuliza.

[20:21] Kaka Muscat: Kidogo hivyo? Mwache awe nacho, kitamkumbusha safari. Amekipenda kwa nia njema.

[20:39] Ami Mkubwa: Nia yake njema naijua, na asipigwe wala asifokewe. Lakini kitarudi. Nieleze kwa nini, na Doto asomewe.
Kwenye magofu ya Gede kuna kaburi lenye mwaka wake, 802 Hijria, yaani 1399. Mtu akiusoma anajua yuko wapi. Jumba umri wake umejulikana kwa vigae kama hicho. Waliochimba mwaka 1972 waliangalia kauri ya Kichina imelala chumba gani, juu ya sakafu au chini yake, pamoja na vyungu vya namna gani. Kikiwa pale, kigae kinasema nyumba hii ilipakua chakula kwenye sahani iliyovuka bahari. Kikiwa mfukoni mwa Doto ni kipande cha sahani, basi. Jina la mji tumeshalipoteza. Vigae ndiyo maneno yaliyobaki.
Na sheria ipo, ya mwaka 2006, yakataza kuvihamisha. Lakini hata isingekuwapo ningesema haya haya.

[20:44] Kaka Muscat: Nimekuelewa Ami. Nafuta kauli yangu.

[20:45] Khalti: Maskini Doto. Mwambieni hakuna aliyemkasirikia.

[20:51] Mama Mapacha: Nimemsomea. Ameuliza, "Kitajua pa kurudi?"

[20:52] Ami Mkubwa: Anapakumbuka alipokiokota?

[20:58] Mama Mapacha: Asema ndiyo. Nyumba ya Milango Mingi, karibu na mzizi uliopinda kama mkono.

[20:59] Ami Mkubwa: Jumatano mchana nampitia.

JUMATANO

[16:22] Ami Mkubwa: Tumerudi. Tulimkabidhi kigae mhudumu wa Makumbusho. Hakumgombeza hata kidogo. Alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima, akamwambia, "Nionyeshe." Doto akatutangulia, hakukosea mlango hata mmoja, akasimama kwenye mzizi wake akasema "hapa." Mhudumu akapiga picha pale na akaandika. Kisha akakiinua kigae kwenye jua ili Doto aone rangi vizuri kwa mara ya mwisho.

[16:25] Mama Mapacha: Allah akulipe Ami. Ameingia ndani anatembea kifua mbele.

[16:31] Khalti: Alhamisi baada ya Isha tukae kwa Bibi. Bibi aeleze chokaa kwa kinywa chake, watoto waulize. Kahawa na kaimati nafanya mimi.

[16:33] Dada: Nitarekodi. Kaka Muscat tutakupigia.

[16:47] Mama Mapacha: Doto asema ana swali la Alhamisi. Ataka kujua nani alikula kwenye ile sahani, na walikula nini.

[16:50] Ami Mkubwa: Alilete hilo hilo kwanza.