Namaliza biolojia ya seli na neva, kazi ziko wapi?

Mwaka wa Tatu: Wakuu, namaliza mwezi wa saba. Mjomba kila Jumapili ananiuliza, "Kwa hiyo wewe ni daktari au si daktari?" Mbali na ualimu, kuna nini?

Mzee wa Hadubini: Mdogo wangu, nilianza kwa kujitolea maabara ya malaria. Miezi sita nahesabu vimelea kwenye slaidi mpaka macho yanatoa machozi, nauli juu yangu. Ndiyo iliyonipa ajira. Wewe wa neva jaribu KEMRI Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba kule Kenya. Wamechunguza sana malaria ya ubongo na kifafa kwa watoto. Bagamoyo kuna tawi la Ifakara, taasisi ya utafiti wa afya ya Tanzania.

Binti Takwimu: Jifunze R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Data zipo, wachambuzi wachache.

Mwaka wa Tatu: Asanteni. Na mjomba?

Mzee wa Hadubini: Mwambie unachunguza ubongo, unaanza na wake.