Naomba ushauri: binti yangu na kete nyeusi katika sataranji

Ndugu wapenzi wa sataranji, nawasalimu kwa heshima. Ninafahamu kwamba kwa wachezaji mahiri mwenye kete nyeupe, ambaye ndiye huanza, hupata kati ya asilimia 52 na 56 ya pointi, faida ndogo tu. Hata hivyo, binti yangu wa miaka 11 akipewa kete nyeusi huingiwa na hofu kabla hata saa haijabonyezwa. Nimemfundisha Caro-Kann, ufunguzi wa mwenye kete nyeusi, naye ameukariri vizuri, lakini mpinzani akisogeza askari hadi mraba wa e5, yeye hukimbilia kusogeza askari wake hadi e6 na kumfungia askofu wake wa c8 ndani, jambo linaloniumiza kila ninapolitazama. Je, nimhamishie kwenye ulinzi wa Sisilia, ufunguzi mwingine wa kete nyeusi, au abaki hapohapo hadi aelewe? Na kwa umri wake, kuanza kwanza kuna uzito wowote kweli?