"Kafumue Kwanza": Hivi Tumeokolewa kwa Neema au kwa Kichana?

Wakuu, nimetoka ibadani saa moja iliyopita na mikono bado inatetemeka. Yule mzee wetu wa kanisa, ambaye hana haja ya kutajwa kwa sababu kila aliyewahi kukaa benchi la mbele anamjua kwa kikohozi chake, amenitoa kwenye foleni ya Meza ya Bwana mbele ya usharika mzima, akazitazama rasta zangu kama mtu aliyeona chatu ndani ya kapu la sadaka, kisha akatamka, kipaza sauti kikiwa wazi: "Binti, kafumue kwanza, ndipo Yesu akupokee."

Kafumue kwanza! Na leo ni Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa! Muda mfupi kabla ya hapo, huyo huyo alikuwa ametusomea kwa sauti ya radi, "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga?", na mhubiri akatueleza jinsi Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha hayo Matengenezo, alivyotoa hoja zake 95 kule Wittenberg mwaka 1517 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha wa adhabu ya dhambi. Vile vyeti angalau mtu alilipa akaondoka navyo. Mimi nimelipa 35,000, nimekaa kwa msusi saa sita, na mbingu bado zimefungwa. Waefeso 2:8, ile ya "mmeokolewa kwa neema", nimeisoma mara nne ndani ya daladala, na sikuona palipotajwa kichana. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia kwa sababu alijitenga na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, mezani. Mezani, wakuu, palepale nilipotolewa mimi! Kafumue kwanza, mama mkwe wangu akisikiliza!

Shemasi Mstaafu: Pole, binti yangu, lakini 1 Timotheo 2:9 inataja kusuka nywele waziwazi. Mstari huo uliuruka kwa imani?

Mgalatia: Mstari huo huo unataja na dhahabu, mzee wangu, na saa ya huyo ndugu tunaiona hata tuliokaa karibu na mlango.

Mkatoliki Jirani: Hiyo hoja yenu ya kuokolewa "kwa imani peke yake", neno "peke yake" Luther aliliongeza mwenyewe katika Warumi 3:28 alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, mwaka 1522, ilhali Yakobo 2:24 inasema "si kwa imani peke yake". Hata hivyo, sisi na Walutheri tulitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu kwa neema, kule Augsburg mwaka 1999, kwa hiyo mzee wenu amepitwa na pande zote mbili.

Mjukuu wa Bibi: Afadhali wewe umefukuzwa ukiwa hai. Bibi yetu alipofariki, walifungua daftari la bahasha kabla ya kukubali kumzika, wakakuta ana miezi minne hajatoa ahadi, na marehemu akasubiri sebuleni hadi mjomba alipokwenda kutoa fedha kwa wakala.

Mgalatia: Sisi tulidaiwa hadi ahadi ya jengo, na jengo lenyewe liko kwenye lenta tangu nikiwa kipaimara.

Mwenye uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye rasta zangu.

Baba Wawili: Tunarudi, dada. Hizo za 35,000 umesukia mtaa gani? Mke wangu ameambiwa 50,000.