Skrini za nini kwenye ndege ya saa moja? Tupeni umeme wa simu!

Kuna mtu humu anafanya kazi kwenye mashirika ya ndege? Anieleze basi, maana mimi nimechoka kunyamaza. Zile skrini mnazozipachika nyuma ya viti kwenye ndege ya Nairobi na Dar, safari ya saa moja na kitu, ni za kazi gani hasa? Juzi nilikuwa natoka arusini Dar na khalati yangu, yaani dada wa mama, skrini ya mbele yangu imeganda kwenye tangazo la mikopo ya nyumba, haiendi mbele hairudi nyuma, na haizimiki pia, mwanga wote wa usoni. Nikamwita mhudumu, dada wa watu mpole sina ugomvi naye, akasema ngoja tuiwashe upya. Ikazimika, ikaleta maandishi meupe kwenye weusi, ikafikiria, ikafikiria, ikarudi kwenye mikopo ile ile. Wakati huo rubani ashatangaza tunaanza kushuka.

Hebu tupige hesabu. Nairobi na Dar ni kama kilomita 660 kwa angani. Mlango ukifungwa kuna video ya mikanda, kuna kupanda, kuna rubani anasalimia kwa Kiingereza halafu Kiswahili na kila akifungua mdomo filamu inasimama yenyewe, kuna toroli imeziba njia, kuna juisi na vile vijikorosho, mara tafadhali nyanyueni viti na iafoni zinakusanywa. Umebakiwa na nini hapo? Kipande cha filamu ambayo mwisho wake hutaujua. Watu wengi hawakuzigusa hata, walikuwa wamelala au wako kwenye simu zao. Aliyeigusa kwa bidii ni mtoto wa nyuma yangu, na skrini hizi zikizeeka hazisikii mpaka uzidonoe kwa nguvu, basi kila anapotaka katuni yake mimi kichwa kinapigwa, du du du, kama mtu anatwanga kisamvu kwenye kisogo changu. Mamake ananiambia samahani kaka. Samahani ya nini mama, kosa si la mtoto, kosa la aliyepachika televisheni nyuma ya kichwa cha mtu. Na chini pale kwa miguu kuna kisanduku cha chuma, ndio ubongo wa hizo skrini, mimi si mrefu na bado nilikaa upande upande safari nzima.

Hayo ningeyameza. Kilichonipandisha ni tundu la USB. Liko hapo chini ya skrini, limechorwa alama vizuri, ukichomeka waya wala halishtuki. La khalati nalo limekufa. Nikatoa pawabanki yangu, dada yule yule akaja, kaka hairuhusiwi kuchajia pawabanki ndani ya ndege. Sikubishana, hilo nalielewa, betri hizi zikiwaka moto angani si mchezo, hata Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wamekataza kuzitumia ndani ya ndege zao, unabeba moja na huichomeki. Sawa. Lakini mkishanikataza yangu na yenu haifanyi kazi, mimi nichaji na nini, dua?

Maana simu siku hizi si ya kuangalia picha. Ndiyo tiketi ya ndege inayofuata, ndiyo M-Pesa, ndiyo namba ya dereva. Tumeshuka JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, simu imezima, na ndege yetu ya Lamu inaondokea Wilson, uwanja mwingine wa hapo hapo Nairobi, teksi ya apu utaiita vipi na simu maiti? Tukachukua ya mlangoni, bei aliyotutoza khalati mpaka leo anaihadithia mtaa mzima wa Langoni, Lamu. Wilson soketi moja ukutani inapiganiwa, nikapata chaji ya kuingilia ndani tu. Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, tumefika imezima tena, bahati nahodha wa boti ni mtoto wa nyumbani akatuvusha kwa deni, sasa mgeni asiyejulikana angefanyaje pale gatini?

Na hiyo ndege ya Wilson mpaka Manda, ya propela, haina skrini hata ya dawa. Watu walifanya nini? Waliangalia dirishani! Khalati alikaa anautazama Mto Tana unavyojipinda ukienda baharini, halafu mikoko, halafu visiwa, ananionyesha vijiji vya Lamu, ile Kipungani ile, mimi naona ni Matondoni, tukabishana mpaka magurudumu yakagusa chini. Saa moja na kitu vilevile, na hakuna aliyeulizia filamu.

Najua wajuaji watakuja na Marekani. Haya twendeni Marekani. American Airlines mwaka 2017 walitangaza Boeing 737 MAX zao mpya zinakuja bila skrini za viti, wakasema zaidi ya asilimia 90 ya abiria wanapanda na kifaa chao wenyewe, basi wao wataweka waifai na umeme wa kuchaji. United wakaenda kinyume, mwaka 2021 wameagiza ndege 270 wakaahidi skrini kila kiti na Bluetooth juu. Delta nao hawakuziacha. JetBlue wana televisheni za viti tangu walipoanza kuruka mwaka 2000. Kwa hiyo ni kweli, kule wanapigania wateja kwa skrini. Lakini tazameni wanaruka wapi! New York mpaka Los Angeles ni karibu kilomita 4,000, masaa sita hivi, na wao wanaita safari ya ndani ya nchi. Hapo hata mimi nataka filamu, nataka mbili. Wakubwa wetu wanaona picha ya kwenye gazeti wanasema na sisi tuweke, kwa safari ambayo chai haijapoa ushafika. Tena hao American walipotoa skrini walibakisha umeme. Hawa wetu wamebakisha skrini wakaua umeme.

Na skrini si picha ya kutundika ukutani useme basi. Ni kilo zinazokunywa mafuta kila safari, ni nyaya zinapita kila kiti, ni fundi wa kuziangalia. Mwaka 1998 ndege ya Swissair namba 111 ilianguka bahari ya Kanada, wakafa watu 229, na wachunguzi walizitaja nyaya za mfumo wa burudani kwenye chanzo cha moto ule. Mambo yalikazwa baada ya hapo, sisemi za leo zitaungua, nasema huo ni umeme wa kusimamiwa kila siku, na shirika lililoshindwa na tundu la chaja linajitwisha televisheni mia na kitu za nini?

Wengine mtasema waweke ile waifai ya ndani, seva ndogo iko kwenye ndege unaangalia kwa simu yako bila intaneti. Sina neno, mradi simu ina chaji. Lakini niliwahi kupanda yenye hiyo, tumeshakaa tumefunga mikanda ndio tunaambiwa tulitakiwa tupakue apu yao kabla hatujapanda. Angani nipakue na nini?

Alichokipenda khalati, maana skrini yake ilikuwa nzima, ni ile ramani yenye kindege. Hakutaka filamu wala muziki, ramani tu, tushapita Tanga mwanangu? Na ule si Kilimanjaro ule? Mwanamke wa miaka yake, raha yake ni kujua yuko wapi, na hilo silikatai. Basi wekeni moja ya darini kila safu kadhaa, ioneshe ramani, watu wazima na watoto waangalie, yaishe. Za Jeddah na Dubai ziacheni zilivyo, zile ni safari ndefu mtu anahitaji kitu. Lakini hizi za saa moja ng'oeni, rudisheni nafasi ya miguu, wekeni tundu la umeme linalofanya kazi na mtu awe analipima. Na nauli ishuke, maana msije mkatoa skrini halafu bei ikabaki pale pale, tunawajua.

NYONGEZA: Yule aliyesema ndege bila skrini itaonekana ya bei rahisi, ndugu yangu, kwa nauli niliyolipa ningefurahi sana ionekane ya bei rahisi. Na nyinyi mnaoniuliza pembeni ni shirika gani, sitaji, nimewaandikia malalamiko nangoja. Mpaka sasa kimekuja kijibu cha mashine tu, ati wanathamini maoni yangu na nijaze fomu kwenye apu.