Mawakili mnaoongea wawili kwa mpigo, mnadhani mwenendo wa kesi unajiandika wenyewe?

Wakuu, leo acheni nitoe povu. Mimi ndo mwandishi wa mahakama, yule anayekaa pale mbele chini ya jaji na kimashine kidogo, haongei, hacheki, watu wanampita kama meza. Kazi yangu ni kuandika kila neno linalotamkwa kwenye kesi za jinai, kuanzia mashtaka yanaposomwa hadi hukumu, na nimechoka na watu wazima wenye digrii zao wasiojua kuongea kwa zamu.

Kwa wasiojua, kimashine chenyewe kina vitufe 22 hivi, na hupigi herufi moja moja kama kwenye kompyuta, unabonyeza kadhaa kwa pamoja kama mpiga kinanda inatoka silabi nzima au hata neno zima. Cheti cha RPR cha Marekani, yaani cha waandishi wa mahakama waliofuzu, kinadai maneno 225 kwa dakika kwenye maswali na majibu, usahihi asilimia 95. Spidi tunayo. Sasa we fikiria wakili wa utetezi anasimama "pingamizi mheshimiwa!" wakati mwendesha mashtaka hajamaliza swali, shahidi naye kashaanza kujibu, mwendesha mashtaka anapandisha sauti ili amfunike mwenzake, hapo mimi niandike ya nani? Sauti tatu haziingii kwenye mpigo mmoja wa vidole. Nikinyoosha mkono kuomba waongee mmoja mmoja naangaliwa kama nimetukana, na wakili analalamika eti nimemharibia dodoso lake, yale maswali ya kumbana shahidi, lilikuwa limeshika moto. Limeshika moto kwa nani, wakati nusu yake haipo kwenye karatasi?

Halafu kuna hii ya mikono. Kesi ya kujeruhi, shahidi anaulizwa kisu kilikuwa kirefu kiasi gani, anatanua viganja, "kilikuwa hivi". Wakili: "Ehee, na mshtakiwa alikuwa umbali gani?" Shahidi ananyoosha kidole, "kama kutoka hapa mpaka pale alipokaa yule mzee". Wakili anatikisa kichwa karidhika, anaenda swali linalofuata. Jamani! Majaji wa rufaa hawakuwepo, hawakuviona viganja wala huyo mzee, wao wanasoma nilichoandika mimi, na nilichoandika ni "kilikuwa hivi". Hivi vipi? Na mimi siruhusiwi kukadiria, nikiandika sentimita thelathini kutoka kichwani kwangu nitakuwa nimegeuka shahidi. Ni kazi ya wakili kusema iingie kwenye kumbukumbu kwamba shahidi ameonesha urefu wa kiasi fulani, basi, sentensi moja tu. Hawasemi. Ila rufaa ikikwama wa kwanza kutafutwa ni mimi, "hivi mwandishi aliandika nini hapa?" Nimeandika ulichosema bosi. Na wale mashahidi wa "mhm" na "m-m" wasiotaka kusema ndiyo wala hapana ndo usiseme, tofauti ya kufungwa na kuachiwa imekaa puani.

Najua kuna mahakama ambako hakimu mwenyewe ndo anaandika kwa mkono, na huko utashangaa adabu inavyokuwepo, kila mtu anaongea taratibu, anasubiri kalamu isimame ndo aendelee. Kumbe wanaweza! Wanachohitaji ni kumwogopa anayeandika.

Kuna jambo lingine silisemagi sana. Kesi za watoto. Mtoto anatoa ushahidi, sauti haisikiki vizuri, jaji anasema "mwandishi tusomee jibu la mwisho", na mimi nasimama nasoma maneno ya yule mtoto mbele ya watu wote, kwa sauti bapa, nisipandishe nisishushe, maana nikitetemeka tu nitaambiwa nimeegemea upande. Jioni narudia yale yale nikisafisha mwenendo, neno kwa neno. Ripoti za daktari wa maiti hivyo hivyo. Huwezi kuziba masikio wala kutoka nje kama wengine wanavyotoka kupunga upepo. Ustawi wa jamii wapo kwa ajili ya mashahidi na wanatakiwa kuwepo sipingi, ila sijawahi kuona mtu anakuja kuniuliza mimi nimelalaje.

Na sasa wamekuja wa "wekeni rekoda tu, akili mnemba itaandika". Wanapenda sana kunirushia ule utafiti wa Philadelphia wa 2019, waandishi 27 wa mahakama walisikilizishwa Kiingereza cha Wamarekani weusi, na sentensi walizoandika sawasawa kabisa hazikufika asilimia 60. Ni kweli, na ni aibu, tufundishwe lahaja za watu tunaowaandika maana humo ndimo mtu anafungwa kwa neno ambalo hakulisema. Ila mbona hawaleti na ule wa 2020 uliopima mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft? Kwa wastani ilikosea maneno kama 35 katika 100 kwa wasemaji weusi, kwa wazungu 19. Hiyo ndo mashine mnayotaka inibadili, na yenyewe hainyooshi mkono kusema "sijasikia, rudia".

Nimeambiwa mara kibao nimwombe jaji awadhibiti. Sawa. Wenzangu wa fani hii humu ndani, hebu nipeni uzoefu: mnafanyaje pale ambapo anayeongea juu ya wakili ni jaji mwenyewe?