Naomba ushauri: mdogo wangu abadilishwe konea (kioo cha mbele cha jicho) yote au matabaka ya mbele tu?

Dada wa Tandahimba: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, macho yanamwasha tangu utoto na anayafikicha mno. Dar wamempima, wakasema konea ya jicho la kulia imekonda na kuchongoka, yaani keratokonasi. Miwani haisaidii, lenzi za kuvaa zimemshinda. Daktari anataka kumpandikizia matabaka ya mbele tu. Baba anauliza kwa nini wasibadilishe yote tukamaliza. Halafu msimu wa salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, unakuja, na mpulizaji wetu ni yeye.

Muuguzi wa macho, Lindi: Pole dada. Mweleze mzee kwamba tabaka la ndani kabisa ndilo linalosukuma maji nje ili konea isivimbe ikaingia ukungu. Seli zake zikifa hazioti nyingine. Za kijana wenu ni nzima, na ni zake. Za mtu mwingine mwili unaweza kuzikataa hata baada ya miaka.

Kazi yenyewe ni ya mkono mtulivu. Konea nzima ina unene wa kama nusu milimita. Mpasuaji anaingiza sindano humo humo na kupuliza hewa, likatokea povu kubwa linalobandua nyama ya konea kutoka kwenye utando wa ndani. Madaktari wa macho Anwar na Teichmann waliieleza mbinu hiyo mwaka 2002. Utando ukichanika, huenda ikabidi wabadilishe yote palepale. Kwa hiyo muulizeni daktari mapema: konea ya mtu mwingine atakayokuwa ameiandaa siku hiyo itafaa kupandikizwa nzima?

Mwana Mtwara: Mama yangu alifanyiwa kinyume. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, tabaka la ndani lilichoka. Wakampandikizia hilo tu kupitia tundu dogo, likashikizwa kwa povu la hewa, akalazwa chali. Ukisoma mitandaoni usichanganye. Mdogo wako atashonwa, na nyuzi zinaweza kukaa mwaka mzima au zaidi.

Dada wa Tandahimba: Asanteni sana. Na salfa?

Muuguzi wa macho, Lindi: Salfa hapana, mtafuteni kibarua. Vumbi lile litamrudisha kwenye kufikicha, na jicho lenye nyuzi halifikichwi. Likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, aende siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. La kushoto nalo lipimwe sasa, maana ugonjwa huu aghalabu hushika yote mawili. Likiwahiwa, konea hukazwa kwa matone ya vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno, na pengine asihitaji kupandikizwa upande huo.